Mapacha wa Mzee Luhwago

Mimi ni Mngoni, na kazi yangu hapa Iringa ni kuwatukana Wahehe. Usicheke. Nina kitambulisho cha hospitali kinaning'inia shingoni, kina picha yangu na jina langu, Gaudensia Ngonyani, na chini yake wameandika Muuguzi Mwamshaji. Wahehe wenyewe hawaniiti hivyo. Wananiita yule mtani wa wodi ya vichwa.

Jumanne ile ambulensi ya angani ilitua juu ya paa nikiwa nakunywa chai na kiazi kitamu. Aliyeshuka nyuma ya machela alikuwa binti amevaa ndala mbili zisizofanana, na alipoinua uso nikamtambua. Ni Skola.

"Sista Gaude," akasema, "ni baba."

Kikombe kilinitoka mkononi. Baba yake Skola ni Zakaria Luhwago, mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kule Kilolo, na kama kuna mtu aliyewahi kunitukana vizuri hapa duniani, ni yeye. Miaka kumi na miwili, kila Jumamosi nikipita kibandani kwake, ananiuliza kama babu zangu wameshapumzika zile mbio walizoanzia kusini mwa Afrika. Namjibu kwamba walisimama kidogo Uhehe kuwachapa babu zake, halafu wakaendelea na safari. Hatujawahi kukubaliana ni nani alishinda vita vile.

Siku nilipomzika mama yangu Peramiho, mzee huyu alisafiri kutwa nzima, akashuka ndani ya kaburi na viatu vyake vya Jumapili, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Watu walicheka huku wanalia. Mimi nilinyamaza, maana msibani mtani ndiye husema. Mfiwa hajibu, hutoa tu kile anachodaiwa. Jogoo akatolewa. Luhwago alipopanda juu, udongo mpaka masikioni, alinishika bega akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Pole, mwanangu." Kesho yake akarudia matusi. Nikamwambia, jana ulikuwa binadamu.

"Jana ulikuwa na maiti," akasema. "Siku nyingine ukiona nakuonea huruma, Mngoni, angalia vizuri. Huenda maiti ni wewe."

Sasa alikuwa amelala kwenye machela, mdomo umelegea, na mikono yake ile ya kukata mianzi imefungwa kwa mikanda asije akajing'oa mipira.

* * *

"Alikuwa anakata ncha ya mwanzi," Skola alituambia. "Akasema, Skola, kichwa kimepasuka. Alisema hivyo hivyo. Akakaa chini, akatapika, akaanza kuongea maneno hayaeleweki."

Dokta Rweyongeza alitandaza picha ya kichwa hewani, juu ya meza, ikazunguka polepole. Ni mtu mzuri, mpole, ila akieleza jambo utadhani anasoma gazeti. Alimwonyesha Skola mshipa upande wa kulia, na pale unapogawanyika, kitu kilichotuna mfano wa puto la mtoto.

"Puto hili limepasuka," akasema. "Damu imeganda juu yake, ikaziba. Ni kigaga tu. Kikibanduka kabla hatujafanya lolote, tunampoteza. Kwa hiyo lazima tulizibe leo, na njia ni mbili."

"Niambie zote, Dokta."

"Ya kwanza, tunafungua fuvu. Tunaufikia mshipa tukiuona kwa macho, tunalibana puto shingoni kwa kibanio kidogo cha titani. Likishabanwa, ni mara chache sana kusumbua tena. Lakini ubongo unakuwa umeguswa, na ukiguswa huwa unakumbuka. Ya pili, hatufungui kitu. Tunaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, tunapanda nao mpaka kichwani, tunalijaza puto nyuzi za platini mpaka damu ikose pa kuingia. Mgonjwa anaamka mapema na akili yake. Ila nyuzi zinaweza kushindiliwa na damu mwaka hadi mwaka, upenyo ukajitokeza, puto likavuja upya."

"Ipi nzuri?"

"Waliotutangulia walibishana sana. Walichukua wagonjwa wengi, hawa wakafunguliwa vichwa, hawa wakatiwa nyuzi, wakahesabu nani ameamka vipi. Wakapata jibu la watu wengi. Jibu la baba yako peke yake hawakuwa nalo." Alitazama saa ukutani. "Sisi tutakuwa nalo saa nane mchana."

Skola alijua Dokta anasema nini. Iringa nzima inajua habari za mapacha. Alibonyeza dole gumba kwenye kibao cha ridhaa, wakamsukuma mzee chini ya mashine ya kunakili, ikaanza kukereza kwa mlio wa cherehani. Dakika arobaini baadaye Zakaria Luhwago alikuwa watatu: mmoja kitandani ghorofa ya chini, na nakala zake mbili, mwili na akili, ndani ya mashine. Mmoja wa mapacha wale akabanwa puto kwa kibanio, mwingine akatiwa nyuzi. Miezi mitatu ya kupona ikapita ndani yao kwa muda wa saa mbili zetu, wao wakiiona usingizi mrefu wa ugonjwa.

Kinachofuata ndiyo kazi yangu. Kila pacha huamshwa dakika ishirini, mimi nikazungumza naye, halafu huzimwa. Mwanzoni mashine ilikuwa inawauliza yenyewe: leo ni siku gani, taja wanyama watano. Kuna mama mmoja wa Tosamaganga pacha wake alijibu yote bila kukosea, wakafuata njia yake. Mama akarudi nyumbani akawa anamtazama mumewe anavyomchekesha, anamtazama tu, hajui afanye nini. Ndipo hospitali ikatafuta mtu wa kuuliza yale yasiyo kwenye fomu. Ndugu hawafai, wanaangua kilio. Wakaona heri mtani.

Na sheria ni moja, imebandikwa mlangoni kwa herufi kubwa: pacha haambiwi kuwa ni pacha. Akiambiwa, ushahidi wake unatupwa, na aliyemwambia anarudisha kitambulisho. Nimeamsha zaidi ya mia, sijawahi kuivunja. Huwa nawaambia wametoka kuugua, ndugu zao wako njiani. Wote huniamini. Kila anayelala kwenye kitanda kile hudhani yeye ndiye mwenyewe.

* * *

Nilianza na wa nyuzi.

Chumba cha kuamshia kina kiti kimoja, swichi ukutani, na kioo kilichofunika ukuta wa mbele. Ndani ya kioo niliona kitanda, dirisha, na Luhwago amefumba macho. Alipofumbua, aliniona na mimi.

"Kamwene, Mhehe," nikamsalimu kwa Kihehe. "Umelala miezi mitatu. Hata uvivu una mipaka."

Alinitazama akapepesa macho mara mbili.

"Kamwene. Niliambiwa anakuja Mngoni, nikaona nijifanye nimelala. Nikikukuta macho kwa macho utakimbia, na mimi siwezi kukufukuza na nguo za hospitali."

Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka nikaona aibu mbele ya kamera. Nilimwambia Wahehe wana hasira mpaka wanagombana na vivuli vyao, akasema kivuli cha Mhehe angalau kinasimama kupigana, cha Mngoni kinatangulia mbele. Nikamtaka ainue mikono, akainua yote miwili, sawasawa. Nikamwambia akunje vidole kimoja kimoja, akakunja. Alitaja siku, alitaja wanyama watano, wa tano akataja Mngoni.

"Skola mbona simwoni?" akauliza.

"Yuko njiani."

"Mwambie aje na sweta. Dirisha hili linaingiza baridi."

Nilimsimamisha hapo hapo, kama saa, anatabasamu. Mapacha husimamishwa mpaka wote wawili waulizwe, ndipo wazimwe. Nikajaza alama zote kwenye fomu, nikatoka nikijipiga piga mapaja kwa furaha.

Dokta alikuwa mlangoni na karatasi ya mshipa. Akili ya pacha haipelekwi mbele zaidi ya miezi mitatu, sheria inakataza, lakini mshipa peke yake unaruhusiwa. Mashine ilikuwa imeupeleka miaka kumi mbele, mara mia.

"Wa nyuzi, puto limevuja tena mara nane katika mia," akasema. "Wa kibanio, mara moja."

"Nane katika mia si nyingi, Dokta."

"Si nyingi. Ila likivuja halipigi hodi."

* * *

Skola alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, ndala zake ameziweka pembeni, miguu imekunjwa chini yake. Nilimweleza alivyosema baba yake wa nyuzi, akacheka kidogo. Nikamweleza ya nane katika mia, akaacha kucheka.

"Mama alikufa hivyo hivyo, Sista," akasema. "Unajua?"

Nilijua amekufa. Sikujua vipi.

"Niliingia jikoni nikijua nitamkuta anasonga ugali. Mwiko ulikuwa bado umesimama ndani ya sufuria. Yeye yuko chini. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Tangu siku ile, kila nikirudi nyumbani naita kwanza nje, baba aitike, ndipo naingia. Yeye anajua. Akinisikia tu njiani anaanza kuimba."

Alijifuta pua kwa mkono wa blauzi.

"Mimi ndiye nichague? Nikichagua vibaya je? Si mumuulize mwenyewe? Si yuko humo ndani, tena wawili!"

"Hairuhusiwi, mwanangu."

"Kwa nini?"

Nilitaka kumweleza sababu ya kwenye kitabu, kwamba mtu aliyeambiwa atazimwa hawezi kujibu sawasawa. Nilimshika tu, tukalia wote pale benchini mpaka kengele ya chumba ikaita. Nikanawa uso harakaharaka bombani, nikaingia kwa wa kibanio.

"Kamwene, mzee wangu," nikasema. "Pole sana. Unajisikiaje?"

Alifumbua macho, akanitazama muda mrefu. Alinitazama macho, akatazama mikono yangu, akageukia dirisha.

"Nipo," akasema.

Nilimuuliza siku, akataja. Wanyama watano, akataja ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa, paka, kwa mpangilio, kama mtoto wa shule. Mkono wa kulia ulikunja vidole vizuri. Wa kushoto ulichelewa, na kidole cha mwisho kilibaki nyuma kabisa. Nikajaribu kumtania. Nikamuuliza kama anakumbuka tulivyowachapa. Kimya. Nikasema Wahehe wameanza kunyamaza, basi vita tumeshinda. Kimya. Nikaongeza la tatu, baya zaidi, ambalo sitaliandika hapa. Alinitazama tu, midomo imefungwa, na machoni mwake kuna kitu ambacho sikukielewa.

Nilimsimamisha nikatoka.

"Upande wa kulia," Dokta alisema taratibu. "Kwa watu wengi utani unakaa huko huko. Tulipomfungua tuligusa."

"Hajui tena kucheka, Dokta. Atabaki mpangaji tu ndani ya mwili wake."

"Basi andika."

Nikachukua fomu. Njia inayopendekezwa: nyuzi. Dokta akaitwa ndani kumtazama mgonjwa mwenyewe, shinikizo la damu lilikuwa linapanda. Nilibaki na kalamu mkononi, jina langu nusu limeandikwa, na kitu kinanikwaruza. Wa kibanio hakumuulizia Skola. Nimeamsha mapacha waliopoteza maneno yote, na bado wakatafuta mtoto wao kwa macho nyuma ya bega langu. Hata wale ambao hawakujua majina yao. Huyu amejua siku, amejua wanyama, hakuuliza mwanawe yuko wapi.

Alikuwa amebakiwa na dakika tisa. Nikarudi ndani.

* * *

"Mbona hujamuulizia Skola?" nikasema, hata salamu sikutoa.

"Ungesema yuko njiani," akajibu. "Nikaona nikupunguzie uongo."

Nilikaa kwenye kiti. Nadhani nilianguka kuliko kukaa.

"Umeingia hapa macho mekundu," aliendelea, polepole, "ukaniita mzee wangu. Miaka kumi na miwili, Gaudensia, umeniita mbwa, umeniita gogo, umeniita mkimbia vita. Mzee wangu hujawahi. Nikasema, hapa kuna maiti. Nikatazama chumba. Tupo wawili, na wewe makamasi yanakutoka. Basi nikajua ni mimi."

"Na utani? Nimekutania mara tatu!"

"Nimesikia. Lile la tatu lilikuwa zuri." Midomo ilimcheza. "Lakini marehemu amjibu mtani wapi, wewe Mngoni? Uliwahi kuona? Mama yako alinijibu?"

Yesu na Maria. Mzee alikuwa amekaa kimya kwa adabu za kaburini, na mimi nimemwandika kwenye fomu kwamba utani umemtoka. Upole wangu ndio uliomnyamazisha. Nilifunika uso kwa viganja, nikawa sijui nalia au nacheka.

"Mimi ni pacha, sivyo?" akasema.

Sheria iko mlangoni kwa herufi kubwa. Nilikuwa naiona kupitia kioo cha mlango, kinyumenyume. Ningeweza kusema hapana, wewe umetoka kuugua. Nimesema hivyo kwa watu zaidi ya mia, na nikatoka, na nikala chakula cha mchana. Lakini wale hawakuniuliza. Huyu ameniuliza, na ndiye aliyelala kwenye kaburi la mama yangu.

"Ndiyo," nikasema. "Wewe ni pacha. Wa kibanio."

"Na mwenyewe?"

"Amelala chini. Hajaguswa. Tunawasubiri ninyi."

Hakupiga kelele. Alitazama dirisha lile la ndani ya mashine, linaloonyesha miti ambayo haipo popote.

"Nieleze, basi. Harakaharaka, nimeambiwa Wangoni mnajua haraka."

Nilimweleza. Kibanio na nyuzi, mkono na mshipa, moja katika mia na nane katika mia. Alisikiliza huku shuka inacheza juu ya mkono wake wa kushoto.

"Tangu uingie mara ya kwanza naujaribu mkono huu," akasema. "Kikombe utashika. Mwanzi utashika nikiuegemeza. Kidole hiki cha mwisho ndicho mkaidi, lakini hata nilipokuwa mzima hakikuwa na kazi." Akakificha kidole chini ya shuka. "Skola amekuambia habari za mwiko?"

"Ameniambia leo."

"Kila siku anasimama njiani anaita. Sauti yangu mbaya, nyimbo sizijui, lakini naimba. Nikitiwa nyuzi, kila nikiumwa kichwa mtoto yule atakuwa anakufa. Kila nikichelewa kuitika. Miaka yote. Mkono mzito nitauzoea, Mngoni. Kumwona Skola anasimama njiani hivyo, siwezi kuzoea. Mwambie abane."

"Nitamwambia."

"Yule wa nyuzi anajua?"

"Hajui. Nimemwacha anatabasamu. Anataka sweta."

"Basi mwache hivyo hivyo." Sasa aliinuka kidogo kwenye mto. "Nenda umtukane mpaka mwisho. Usimwonee huruma hata chembe, atagutuka. Ni mjanja yule, namjua."

"Na wewe?"

"Mimi si tayari najua? Nizike."

Saa ya ukutani ilibakiza dakika tatu. Nilisimama mbele ya kioo. Sikuwa nimewahi kuita kile ninachofanya kwa jina lake. Tulisema kuzima, kama taa. Nilivuta kiti mpaka kikagusa kioo, nikakanyaga juu yake, nikasimama pale na viatu vyangu vyeupe.

"Mimi Mngoni," nikasema kwa sauti ya msibani, "sitoki kwenye kaburi hili mpaka nipewe kuku! Mtu mwenyewe mrefu, mzito, amejaa ulanzi mpaka kooni, nani atambeba bure?"

"Mdai Skola," alisema haraka. "Usikubali kifaranga."

Halafu akafumba macho, akaiweka mikono yote miwili juu ya kifua, ule wa kushoto ukichelewa, na hakunijibu tena. Nilimtukana. Nilimtukania ukoo, mianzi, miguu, nyimbo zake. Alibana midomo kwa nguvu asicheke, mashavu yanamtetemeka. Nikabonyeza swichi na neno likiwa bado mdomoni mwangu.

Niliingia kwa wa nyuzi nimekausha uso kwa aproni. Sikumpa nafasi ya kunitazama.

"Wewe Mhehe bado umelala? Babu yako alilala hivyohivyo, tukamkuta, tukamchukulia ngao!"

"Ngao ipi!" akaruka. "Ile iliyoachwa ni ya babu yako! Aliitupa akimbie vizuri, babu yangu akaiokota akaanikia mahindi! Nenda Kilolo sasa hivi, utaikuta ukutani, ina..."

Alikuwa anacheka, mkono mzuri wa kushoto umeinuka unaonyesha ukubwa wa ngao. Nikabonyeza.

* * *

Dokta Rweyongeza nilimkuta koridoni. Nilimpa fomu niliyoichana na kitambulisho changu.

"Nimemwambia," nikasema.

Hakufoka. Aliitazama ile picha yangu kwenye kitambulisho, akakitia mfukoni.

"Basi ushahidi wa mapacha wote haupo," akasema. "Kisheria naanza na ukurasa mtupu, na puto lile halisubiri. Binti atachagua bila sisi."

"Naweza kuzungumza naye?"

"Kama nani? Huna kazi hapa."

"Kama mtani."

Alifungua mlango akanipisha.

Nilimweleza Skola yote, neno kwa neno, hata la kidole. Nilipofika kwenye nyimbo aliweka mkono mdomoni. Sikumwambia achague nini. Nilimwambia alichosema baba yake, na kwamba mimi nilikosea nikaandika vibaya, na kwamba aliyesema hayupo tena. Alivaa ndala zake zile zisizofanana, akaenda mwenyewe kwenye kibao, akabonyeza. Kibanio.

Dokta alimfungua kichwa kwa mikono yake, kwa muda wa saa nne na nusu. Mimi nilikuwa nje kwenye nyasi, maana sikuwa tena na ruhusa ya kuingia.

* * *

Siku ya tisa nilikwenda saa ya kuona wagonjwa, nimebeba chupa ya uji, na mlinzi niliyemzoea akaniandika jina kwenye daftari la wageni. Njia nzima nilikuwa nimeandaa tusi. Tusi kali, la viwango, lisilo na huruma hata chembe. Kwa siku tisa sikuwa nimelala vizuri nikiwaza atajibu au hatajibu.

Alikuwa ameegemezwa mito, kichwa kimezungushiwa bandeji, amekonda. Skola alikuwa anamkata kucha za mkono wa kushoto. Mzee alifungua jicho moja akaniona, jicho lile lile, na tusi langu lote likaniyeyuka.

"Kamwene, mzee wangu," nikasema, na machozi yakanitoka bila kuomba ruhusa.

Alifungua na jicho la pili.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Baba!" Skola akashtuka. "Hakuna aliyekufa. Sista amefurahi tu kukuona."

Hakumtazama Skola.

"Nakuuliza wewe, Mngoni. Nani amekufa?"

Niliweka chupa ya uji chini. Ningeweza kusema hakuna. Wauguzi wengine wawili walikuwa wananisikiliza.

"Wahehe wawili," nikasema.

"Nawafahamu?"

"Sana."

Kisha akautazama mkono wake wa kushoto mikononi mwa Skola, akakunja vidole kimoja kimoja, mpaka kile cha mwisho kikafika.

"Waliteseka?"

"Mmoja alikuwa anacheka. Alikuwa anashinda ubishi. Mwingine alinyamaza, kama inavyotakiwa."

"Uliwazika?"

"Niliwazika mwenyewe. Nilipanda juu ya kiti."

Aliitikia kwa kichwa, polepole kwa ajili ya bandeji. Skola alikuwa ameacha kukata kucha, anatutazama kwa zamu.

"Skola," mzee akasema, "ukirudi nyumbani mkamatie huyu kuku wawili. Usimpe vifaranga."

Hapo ndipo tusi liliponirudia. Nilijifuta uso kwa kanga, nikavuta kiti, nikakaa karibu na kichwa chake.

"Kuku wawili!" nikasema. "Mazishi mawili, na mimi peke yangu, kuku wawili tu! Ndiyo maana tuliwachapa, ninyi wabahili hata wa risasi!"

Hakunijibu. Aligeuza uso dirishani, akanyamaza, mkono wa Skola ameushika kwa ule mkono mzito. Mimi nikaendelea kumtukana kwa sauti ya chini mpaka saa ya kuona wagonjwa ilipokwisha.